Lavenda ya Sequim: mgeni ndiye soko

Msikilizaji, ukisikia shamba la maua usidhani ni kazi laini. Bonde la Dungeness, kwenye mji wa Sequim, jimbo la Washington, Marekani, limekingwa na milima ya Olympic inayozuia mvua. Hupata kama milimita 400 tu kwa mwaka, na wakulima wake wanamwagilia kwa mifereji tangu miaka ya 1890. Lavenda, mmea usiotaka maji yatuame mizizini, umepapenda.

Mashamba mengi ya hapo ni ya familia, na ni madogo. Julai ikifika ni mundu, umande ukishakauka: shika konzi moja, kata, funga kwa mpira, ning'iniza kichwa chini ndani ya banda lenye giza ili rangi isififie. Kushindana kwa bei ya mafuta ya lavenda na Bulgaria au Ufaransa, ambako huvunwa kwa mashine, hawawezi. Basi wanauza sabuni, mafungu makavu, na ruhusa ya mgeni kuingia shambani kujikatia mwenyewe.

Kwa maoni yangu hesabu hiyo ni nzuri, ila ina tundu: wageni humiminika kwa wiki chache tu, na magugu hayangoji Julai.