Robo Yako Iko Halmashauri: Mada Niliyowasilisha kwa Vijana Wetu wa Uingereza

Najua mlitaka niongelee tume ya uchaguzi. Leo naomba niongelee kodi ya halmashauri, hii tunayoiita kansili taksi, kwa sababu nimegundua wengi wetu tunailipa kama sadaka.

Mwenzangu niliyepanga naye alihama Septemba 2021. Nikabaki peke yangu. Kodi ya nyumba nikaibeba yote, umeme wote, na ile bili ya halmashauri, karibu pauni 1,400 kwa mwaka, nikaendelea kuilipa nzima. Hakuna aliyeniambia kwamba sheria ya 1992 inasema mtu mzima anayeishi peke yake anapunguziwa asilimia 25. Kusema kweli, ilikuwa imeandikwa nyuma ya bili. Nani anasoma nyuma ya bili?

Nikaja kushtuka Machi 2024. Pigeni hesabu: robo ya 1,400 ni 350, mara miaka miwili na nusu, kama pauni 875. Hiyo ni nauli ya kwenda nyumbani kumwona mama, na mwaka ule sikwenda.

Nikaomba. Wakajibu haraka: sawa, punguzo utapata, kuanzia tarehe uliyoomba. Ya nyuma je? Kimya.

Hapa ndipo nilipotaka kuacha. Sisi tumekulia mahali ambapo barua yenye mhuri wa serikali haijibiwi, inaogopwa. Unaweza ukasimama jukwaani ukapiga kelele kuhusu Katiba Mpya, halafu karani mmoja akakunyamazisha kwa mistari mitatu. Nilijiona mnafiki, jamani.

Basi nikaandika tena. Nikawauliza: ni kifungu gani kinachonizuia kulipwa tangu siku niliyobaki peke yangu? Nikaambatanisha mkataba mpya wenye jina langu tu, barua ya mwenzangu yenye anwani aliyohamia, na bili za umeme zilizoshuka baada ya yeye kuondoka. Nikawakumbusha kwamba wana miezi miwili ya kunijibu, na wakikataa naenda Baraza la Uthamini, Valuation Tribunal, ambako rufaa hailipiwi hata senti. Kwa hiyo hao wanaowaambia "nipe asilimia fulani nikufuatilie", wakimbieni.

Wiki tano baadaye wakakubali tangu Septemba 2021. Sehemu wakaikata kwenye bili mpya, iliyobaki ikaingia benki.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Kuishi peke yako kisheria si lazima uwe peke yako kweli. Mtoto wa chini ya miaka 18 hahesabiwi. Mwanafunzi wa kutwa nzima hahesabiwi. Dada yule pale anaishi na mdogo wake anayesoma chuo kikuu. Kwa hesabu yao yuko peke yake, na robo ni haki yake. Mkiwa wanafunzi watupu nyumba nzima, hamlipi kabisa.

Ila wewe uliyemhamishia shemeji yetu kimyakimya, usijaribu. Mnacheka, lakini wanalinganisha orodha ya wapiga kura na orodha ya wenye punguzo. Kuna faini ya pauni 70, na ukidanganya kwa makusudi unaweza kufikishwa mahakamani. Tukidai uadilifu kule, tuwe nao na huku.

Na msigome kulipa wakati mnabishana nao. Ukikosa awamu wanakupeleka kortini na gharama juu. Lipa huku unadai.

Mliokuja na bili zenu, tukimaliza chai tukae meza ile ya dirishani. Tutaandika barua moja moja. Peni ninazo.