Bwawa si Daladala



Jamaa yangu mmoja amestaafu kazi. Kiinua mgongo chake amekitia katika bwawa la kufugia kambamiti huko pwani, lenye ukubwa wa hekta moja na pampu moja ya maji. Juzi alinijia na swali: "Ndugu yangu, ikiwa vifaranga 50,000 watanipa faida, kwa nini nisitie 200,000 nikapata mara nne?"

Kwenye karatasi hesabu hiyo inapendeza. Lakini bwawa si daladala, kwamba abiria wakibanana hatimaye watafika.

Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Vifaranga 50,000 ni watano kwa kila mita ya mraba. 200,000 ni ishirini. Bwawa linalotegemea maji kujaa na kupwa kwa kawaida hubeba mmoja hadi watatu. Lenye pampu na chakula cha kununua hubeba watano na kuendelea, lakini ukikaribia ishirini huna budi kuwa na mashine za kutia hewa. Usiku mimea midogo ya majini haitoi oksijeni, bali nayo huitumia. Ndiyo maana msiba wa bwawa lililosongamana hutokea alfajiri, mwenye mali akiwa usingizini.

Halafu kuna chakula. Kambamiti hula chini ya maji, humwoni. Mfugaji mwenye wasiwasi humwaga tu. Punje zisizoliwa huoza, hutoa amonia, na kuoza kwenyewe hula hewa ileile iliyokuwa haba. Akibana chakula mno, nako kuna hasara: kamba aliyetoka kujivua gamba, akiwa bado laini, huliwa na wenzake.

Dawa yake ni sinia la wavu. Weka chakula kidogo, lishushe chini, lipandishe baada ya saa mbili. Kimebaki? Punguza. Kimekwisha? Ongeza kidogo. Chakula ndicho gharama kubwa ya ufugaji huu. Sinia hulinda maji na mfuko pia.

Tusidhani haya ni maneno ya waoga. Taiwan, ambako mwaka 1968 Liao I-Chiu alifanikiwa kuzalisha vifaranga wa kambamiti wakubwa wa aina hii tuliyo nayo baharini kwetu, ilikuwa mbele ya wengi duniani. Mabwawa yalijazwa kupita kiasi. Mwaka 1987 mavuno yalizidi tani 80,000. Mwaka 1988 hayakufika nusu yake. Virusi, maji machafu na msongamano vilishirikiana.

Nilimjibu jamaa yangu: "Kaka, anza na hao 50,000. Nunua sinia kabla ya vifaranga. Ukivuna salama, tutazungumza habari ya mashine."

Kiinua mgongo hakilipwi mara mbili. Wahenga walisema: tamaa mbele, mauti nyuma.