Mzigo Ukikabidhiwa Ni Amana



Jambo tulilokusudia leo huonekana dogo hadi siku linapoharibika: usalama wa mizigo ya msafiri wa treni anapokatiza safari yake kwa siku moja au mbili ili autembelee mji wa Tanga na pwani yake.

Ujenzi wa reli ya Kaskazini ulianzia Tanga mwaka 1893. Hata hivyo, treni ya abiria ya Dar es Salaam, iliyorejea hadi Moshi Desemba 2019 na kufika Arusha mwaka 2020, haiingii mjini Tanga, hupita Korogwe. Mwenye hamu ya kuyaona mapango ya Amboni au magofu ya Tongoni hushuka Korogwe, akapanda basi kupitia Segera na Muheza hadi stendi ya Kange. Mapangoni kuna njia za kuinama na za kujipenyeza. Begi kubwa halifai kuingia nalo. Ndipo msafiri anapotafuta mtu wa kumwachia mzigo wake.

Hapo tunaomba tutofautishe mambo mawili: kuacha mzigo na kukabidhi mzigo.

Tuchukue mfano wa kijana anayekwenda kuanza masomo ya chuo Arusha. Amelala usiku mmoja katika nyumba ya wageni mjini Tanga. Saa nne asubuhi anatakiwa kutoka chumbani, naye angependa kwenda Amboni kabla ya kurudi Korogwe kuingojea treni. Begi lake lina nguo, shuka na bahasha ya vyeti vyake halisi. Mhudumu wa mapokezi anamwambia, "Weka tu hapo, kaka, hakuna shida." Kijana anakwenda zake. Anaporejea saa kumi na moja jioni, mhudumu yule amemaliza zamu, stoo imefungwa na ufunguo ameondoka nao. Aliyepo hajui habari ya begi. Basi la Korogwe linaondoka, na treni haingoji. Hakuna mwizi katika kisa hiki, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini kijana amebakia kuchagua kati ya safari yake na vyeti vyake.

Kilichokosekana si uaminifu. Kilichokosekana ni makabidhiano. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na sheria yetu inaafikiana nao. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyepokea mali ya mwingine ili aitunze awe na uangalifu ambao mtu wa busara ya kawaida angekuwa nao kwa mali yake mwenyewe ya namna hiyo, wingi huo na thamani hiyo. Kipimo hicho hakiondoki kwa sababu tu mtunzaji hakutoza malipo. Wakati ukitimia, anatakiwa kuirejesha. Lakini haki hiyo huanzia pale ambapo mtu amepokea na kukubali. Begi lililoegeshwa pembeni mwa kaunta, bila mpokeaji anayejulikana, ni vigumu kulidai.

Kwa hiyo, kabla ya kuupa mzigo kisogo, tunawashauri mfanye haya.

Kwanza, mjue anayepokea. Ulizeni jina lake, nafasi yake mahali hapo, na nani atakuwepo mtakaporudi. Ufunguo unakaa na nani? Swali hilo moja lingemwokoa kijana wetu.

Pili, pateni maandishi. Risiti yenye tarehe, saa, idadi ya mizigo, malipo na sahihi inatosha. Pasipo risiti, andikeni wenyewe katika karatasi mbili, kila upande ubaki na moja. Au tumeni ujumbe wa simu unaoeleza makabidhiano na mwombe ujibiwe. Pigeni picha ya mzigo ukiwa umefungwa. Mtunzaji mwema hatachukia, kwani maandishi humlinda naye pia dhidi ya madai ya uongo.

Tatu, linganisheni saa. Ofisi inayofungwa saa kumi na mbili jioni haimfai anayesafiri usiku. Thibitisheni muda wa treni kupita Korogwe, kisha mhesabu kurudi nyuma: muda wa basi, muda wa kulingoja, na muda wa kuuchukua mzigo. Vilevile, kabla ya kulipa nauli, ulizeni kama tiketi moja inaruhusu kushuka njiani na kuendelea na treni ya siku nyingine. Kama hairuhusu, kateni tiketi mbili.

Nne, someni bango kabla ya kukabidhi. Likisema kwamba mizigo huwekwa kwa hasara ya mwenyewe, ulizeni maana yake na mtunzaji anawajibika kwa lipi. Jibu lisiporidhisha, tafuteni mahali pengine mkiwa bado mna mzigo mkononi.

Tano, visitenganishwe nanyi vitu visivyo na mbadala: vyeti halisi, pasipoti, kitambulisho cha taifa, dawa, fedha na funguo. Mkoba mdogo wa begani unatosha kuvibeba hata ndani ya mapango.

Mwenye mzigo naye ana wajibu. Sheria hiyo hiyo inamtaka aeleze kasoro anayoijua ya mali yake inayoweza kumletea mtunzaji hatari isiyo ya kawaida. Kama ndani mna chombo cha mafuta ya taa au betri inayovuja, semeni. Na hata pasipo hatari, ni uungwana kutaja samaki wakavu au machungwa ya Muheza yaliyoiva sana, yasije yakaharibu mizigo ya wengine.

Ikitokea hitilafu, msiondoke kimya. Andikeni malalamiko kwa mtunzaji siku hiyo hiyo, mkiambatisha nakala ya risiti na kuibakiza halisi. Mkishuku wizi, fikeni kituo cha polisi mpate RB. Endapo mzigo ulikuwa mikononi mwa mtoa huduma ya basi au treni, naye asiwaridhishe, lileteni lalamiko LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 kudhibiti usafiri wa ardhini. Asiyekubaliana na uamuzi wa mamlaka anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Mzigo uliokabidhiwa nyumba ya wageni au duka hauhusiani na leseni ya usafiri. Dai lake ni la mkataba, na mlango wake ni mahakama. Katika milango yote hiyo, swali la kwanza litakuwa moja: mlimkabidhi nani, na ushahidi uko wapi?

Watu wa pwani wanaijua thamani ya neno amana. Tunachowaomba ni kulipa neno hilo jina la mtu, saa na sahihi. Dakika tano za kuandika hazitawapunguzia Amboni wala Tongoni.

Tunawatakia safari njema.