Mama aliyekuja kwa nyuma

Somo: Marko 5:25-34



Mwanamke wa somo letu aliugua miaka 12. Pesa yake yote ilikwisha kwa waganga. Akaja kwa nyuma, katikati ya watu wengi, akijificha. Leo ninasema juu ya mama anayevuta sigara ao kiko, ao anayenusa ugoro, naye anataka kuacha.

Katika inchi yetu wanaume ndio wavutaji wengi. Kwa hiyo mama anayevuta anajificha mara mbili: kwa majirani, na kwetu sisi kanisani. Anavuta usiku nyuma ya nyumba, asubuhi anatafuna tangawizi mbele ya kuja kwenye ibada.

Ni nini kinamleta katika kikundi cha kuacha tumbaku? Si mahubiri ya moto wa milele. Hayo ameyasikia, yakamfukuza. Mara nyingi ni mtoto anayekohoa. Ao yeye mwenyewe ana mimba, na muuguzi amemwambia kwamba moshi unapunguza uzito wa mtoto tumboni. Tena ni pesa. Anayenunua sigara 5 kila siku, moja moja barabarani, kwa mwezi amechoma 150. Mama wa soko anajua kuhesabu kuliko sisi wachungaji. Mwachie hesabu hiyo aifanye mwenyewe, kwa bei ya unga na sabuni.

Lakini mguu wake unaondoka nyumbani siku ile mwenzake wa soko anapomwambia, "Twende wote." Siku za kwanza ni ngumu: kichwa kinauma, hasira iko karibu, usingizi unakimbia. Hamu ikimshika, hupungua baada ya dakika chache. Katika dakika hizo anahitaji mtu wa kuongea naye.

Wazee na mashemasi, nawaomba. Msimsimamishe mbele ya watu. Msimwondoe katika korali siku ileile alipothubutu kusema. Mtanijibu kwamba Yesu alimfanya yule mwanamke aseme mbele ya wote. Ndiyo, lakini alikuwa amekwisha kupona, na Bwana alimwita binti.

Kikundi kikutane siku ya likelemba, kusudi mama asilipe taksi mara mbili wala asiache biashara yake. Aje na mtoto wake. Na yule aliyerudia kuvuta, mumwekee kiti chake wiki inayofuata.