Tuanze na kipande, triko itafuata



Leo tunazungumza juu ya kufuma kwa sindano mbili. Wengi mulirudi kutoka Nyarugusu bila mtaji, na kazi hii haiombi mtaji mukubwa. Lakini katika vikundi tunavyotembelea tunaona jambo moja: mtu anajifunza juma hili, juma lijalo anaanza triko ya mtu mzima. Akifika kwenye mikono inamushinda, inabaki ndani ya mufuko. Na ule uzi ulinunuliwa kwa mkopo wa AVEC, mkopo haungoji. Ndiyo maana tunasema: kazi ya kwanza iwe ile unayoweza kumaliza.

Sindano munaweza kuchonga kwa mwanzi, nyembamba kuliko kalamu, na kuzisugua mpaka zisikwaruze uzi. Mwanzi unashika macho vizuri. Chuma kinateleza, kinasumbua anayeanza. Uzi uwe munene kidogo na wa rangi nyeupe au ya kungaa, kwa sababu kwenye nyeusi huoni kosa. Triko ya mitumba inaweza kufumuliwa, lakini muangalie kwanza ubavuni: kama ilikatwa kwa makasi na kushonwa kwa mashine, utapata vipande vifupi tu. Uzi uliofumuliwa ufuliwe, utundikwe na kitu kizito chini, utanyooka.

Sasa kazi ya kwanza: kipande cha mraba. Anzisha macho 20, ndiyo vile vitanzi vinavyokaa kwenye sindano. Fuma namna moja tu, kwenda na kurudi, mpaka urefu ulingane na upana. Kila mustari ukiisha, hesabu. Yakiwa 19, moja limeanguka. Yakiwa 21, umeongeza bila kujua. Tafuta kosa pale pale, usisonge mbele. Na kipande hakipotei: vipande 30 vyenye kipimo kimoja, 5 kwa 6, vikishonwa pamoja ni blanketi ndogo ya mtoto.

Kazi ya pili: kofia ya mtoto mchanga. Weka mita juu ya kipande chako, hesabu macho ndani ya sentimita 10. Yakiwa 18, kofia ya sentimita 32 inaomba macho 58 hivi. Itavutika, itaenea kichwa. Fuma mpaka urefu wa sentimita 16, pitisha uzi ndani ya macho yote, vuta, funga, kisha shona ubavu. Hakuna kupunguza macho, hakuna hesabu ngumu.

Kofia hii haiko mapambo. Mtoto mchanga anapoteza joto haraka, zaidi aliyezaliwa mudogo, na Shirika la Afya Duniani linashauri avalishwe kofia. Hata huku chini kando ya ziwa, usiku wa mvua ni baridi kwake. Kule Hauts Plateaux ni zaidi.

Tunapendekeza kwa chama: asiyemaliza kofia moja asipewe bado mkopo wa uzi wa triko. Hiyo haiko azabu, ni kumulinda asibaki na deni na uzi uliosokotana. Mkutano ujao kila mumoja alete kipande chake, hata kiwe kimepinda. Tutakihesabu pamoja.