Cheti Kiko Ukutani, Mkanda Uko Wazi

Hotuba za Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi mmeshazisikia, ndugu wasikilizaji. Tarehe 28 Aprili haipiti bila hotuba. Mmesikia wito kwa waajiri, mmesikia wito kwa wafanyakazi, na mmesikia hesabu ya Shirika la Kazi Duniani kwamba kazi inaua watu karibu milioni 3 kila mwaka, wengi wao kwa maradhi yanayotokana na kazi kuliko kwa ajali. Kituo hiki hakina ugomvi na hotuba. Kinachotutia wasiwasi ni tarehe 29, kuanzia Endagikot na Mbulu mjini hadi Haydom, Katesh na Basotu, pale mashine ya kusaga inapowashwa asubuhi, mkanda unazunguka bila hata kipande cha bati cha kuukinga, na leseni ya biashara imetundikwa vizuri juu yake. Cheti kiko ukutani, mkanda uko wazi. Hilo tunalisema leo na tutalirudia.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri mwenyewe atathmini hatari zilizopo kazini kwake na kuzidhibiti. Mwajiri mwenyewe, siyo mkaguzi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) peke yake. Tathmini maana yake ni kupita kila pembe kazi ikiwa inaendelea, pamoja na wanaoifanya, na kuuliza: hapa nini kinaweza kumdhuru mtu, kitamdhuru nani, na tumefanya nini kukizuia? Majibu yanaandikwa, na kila kasoro inapewa mtu wa kuirekebisha na siku ya kumaliza. Kinachofanyika mara nyingi ni kingine kabisa. Fomu inajazwa mezani, inanakiliwa kutoka ya mwaka jana, inagongwa muhuri, inaingia kwenye faili. Kijana anayemimina mahindi kwenye mashine hajaulizwa. Mama anayefagia vumbi la unga jioni hajaulizwa.

Wangeulizwa, wangesema mengi. Kijana wa mashine angesema kwamba ili mteja aliye hatua moja tu mbele yake amsikie, inabidi apige kelele. Hiyo ni dalili kwamba sauti imefika desibeli 85 au zaidi, kiwango ambacho mtu akikaa nacho kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, masikio yanakufa taratibu na hayarudi. Angesema juu ya kikohozi, maana vumbi la nafaka huleta pumu kwa watu ambao hawakuwa nayo. Wanaopukuchua mahindi kwa mashine inayoendeshwa na trekta wangeonyesha shafti inayozunguka wazi, tayari kunasa ncha ya shuka au mkono wa koti, na kwa baridi ya Mbulu nani anafanya kazi bila koti? Mpulizaji wa dawa kwenye vitunguu swaumu angegeuza mgongo tu. Bomba linavuja, shati limelowa, na sumu nyingi ya viuatilifu huingia mwilini kwa kupitia ngozi, siyo pua peke yake kama wengi wanavyodhani. Kwenye chupa ya dawa kuna ukanda wa rangi, nyekundu, njano, bluu au kijani, unaoonyesha ukali wa sumu. Mwenye shamba anaujua. Kibarua anakabidhiwa dawa ikiwa imeshachanganywa kwenye ndoo, na ndoo haina rangi ya kumwonya.

Tusidanganyane pia kwamba kununua glovu na barakoa ndiyo kumaliza kazi. Wataalamu wa usalama wana mpangilio wao, na vifaa vya kujikinga viko mwisho kabisa. Kwanza iondoe hatari yenyewe, au tumia dawa isiyo kali. Ikishindikana, izuie kwa kinga: bati juu ya mkanda, wavu juu ya shafti. Kisha panga kazi upya ili mtu mmoja asikae kwenye vumbi au sauti saa kumi mfululizo. Barakoa ije baada ya hayo yote. Kwetu tunaanzia mwisho, na mara nyingi mwisho huo ni kitambaa cha pua alichojinunulia kibarua mwenyewe.

Wapo watakaosema ajali ni kudra, siku ya mtu ikifika imefika. Imani ya mtu tunaiheshimu. Lakini tuangalie Mirerani, mkoani kwetu hapa hapa Manyara. Mwaka 1998 mvua zilijaza mashimo ya tanzanite, wachimbaji wakafa. Mwaka 2002 zaidi ya watu 30 walikosa hewa chini ya ardhi baada ya mashine ya kuwapelekea hewa kushindwa kazi. Mwaka 2008 mvua zikajaza mashimo tena, na vifo vikawa makumi tena. Maji yaleyale, mashimo yaleyale, miaka kumi baadaye. Mara ya kwanza unaweza kuita kudra. Mara ya pili jambo hilo lilikuwa linajulikana, na jambo linalojulikana lina mtu wa kuulizwa. Na Hanang haihitaji kufundishwa: tangu tope la mlimani liliposhuka Katesh tarehe 3 Desemba 2023, kila mtu wilayani anajua kwamba hatari inaweza kukaa kimya miaka mingi, na kimya chake kisiwe ushahidi kwamba haipo.

Wengine watasema sisi ni wadogo, mashine moja, vijana watatu, haya ni ya viwanda vya Arusha. Hoja hii tunaielewa, kwa sababu gharama zinawabana kweli wenye biashara ndogo. Lakini Serikali ilishafuta ada ya kusajili mahali pa kazi OSHA pamoja na tozo nyingine kadhaa, na bati na boliti za kufunika mkanda ni kazi ya siku moja ya fundi wa kuchomelea. Linganisha na mkono. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, unamtaka mwajiri achangie asilimia 0.5 ya mshahara. Mwajiri akikwepa hata hicho, kibarua ambaye jina lake haliko popote huanza kudai fidia kwa kubishana kama aliwahi kuajiriwa. Wakati ubishi unaendelea, familia inauza ng'ombe. Cheti kiko ukutani.

Ipo na hoja kwamba mkaguzi hafiki huku. Ni kweli ofisi ya kanda iko Arusha na barabara ni ndefu, na tunaitaka OSHA ishuke hadi kwenye kata, tena siku ya kazi, na siyo kuishia kwenye ofisi yenye viti vya kukaribisha wageni. Lakini mkaguzi akija mara moja kwa mwaka, siku nyingine zote zilizobaki mkanda unalindwa na nani? Halafu kuna hatari ambazo mkaguzi hazioni kwa macho. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku kwenye zahanati, mwalimu mwenye darasa lililofurika, binti wa mgahawa anayeshikwashikwa na wateja na kuambiwa avumilie: hayo nayo ni mambo ya afya kazini. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi yalikadiria mwaka 2022 kwamba sonona na wasiwasi hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Nani amewahi kuona swali hilo kwenye fomu iliyojazwa mezani?

Kwa hiyo mwenye mashine unayetusikiliza, kesho usiiwashe kwanza. Waite vijana wako, pita nao, waache waseme wao, wewe andika. Mwenye shamba, soma lebo ya dawa kwa sauti mbele ya vibarua wako, na bomba linalovuja litengenezwe kabla halijapanda mgongo wa mtu. Madiwani, leteni ajenda hii kwenye vikao vya kata, muulize mashine ngapi zimefunikwa, msiulize vyeti vingapi vimetolewa. Na wewe kibarua, ukiona mkanda uko wazi, sema. Sema leo, sema mbele ya wenzako, sema tena kesho, mpaka bati lifungwe.