BEDA AMULI NA PAA LA KARIAKOO

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mlandege, Iringa)



Nimepewa dakika chache. Nitawasimulia habari za mtu ambaye wengi wetu tumepita chini ya kazi yake bila kulijua jina lake.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga banda kubwa la chuma mjini Dar es Salaam. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, waliweka hapo kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Watu wakatamka Kariakoo. Baadaye banda likawa soko.

Baada ya Uhuru banda halikutosha tena. Kazi ya kuchora soko jipya akapewa Mtanzania, Ndugu Beda Amuli, aliyezaliwa mwaka 1938 na kusomea usanifu wa majengo huko Haifa, Israel. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kufungua ofisi yao wenyewe ya kazi hiyo. Mwalimu Nyerere alilifungua soko mwaka 1975.

Angalieni alivyofikiri. Mwuza mboga ana maadui wawili: jua na mvua. Amuli alisimamisha nguzo za zege, kila moja ikibeba paa lililotanuka kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Paa hutoa kivuli; mvua ikinyesha, maji hukusanyika humo na kuteremka hadi matangini. Pande za soko zikaachwa wazi ili hewa ipite. Biashara ya jumla ikapewa nafasi chini ya ardhi, ndipo panapoitwa Shimoni. Basi mvua, ambayo ni adui, ikageuzwa kuwa mali.

Amuli alifariki mwaka 2016. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza soko, na mali za wafanyabiashara wengi zikateketea. Jengo lilibaki limesimama, na Serikali ikaamua kulikarabati.

Vijana, msiyakimbie masomo ya hesabu na uchoraji mkidhani ni ya watu wa mbali. Anzeni kwa kutazama: mvua ya Iringa huingilia wapi darasani mwenu? Na sisi wazee, tuliorithi majengo haya, tusisahau kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunapochangia madawati, tuchangie na meza za kuchorea.